Kitanda cha Dirishani

Msichana niliyemvunja pua hakuwa na kosa lolote. Alinigusa bega tu. Nilikuwa nimelala juu ya dawati, shavu kwenye daftari la hesabu, mwalimu akauliza swali na kunitaja mimi, na yeye kwa wema wake akanigusa ili nisiaibike. Nilipoamka nilikuwa nimeshampiga. Sikumbuki kunyanyua mkono. Nakumbuka mlio mdogo wa kitu kikavu kinachovunjika, halafu damu ikimchuruzika hadi kwenye kola nyeupe ya shati, halafu darasa zima likipiga mayowe. Nikampiga tena kabla sijamtambua.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Wanaoisikia habari hii hudhani ni habari ya binti mkorofi, na mkorofi nilikuwa, sikatai, ulimi wangu ulikata kuliko mkasi wa baba. Lakini habari yenyewe ni ya kitanda.

Tulikuwa tunakaa Malvern, nyuma kidogo ya Jules Street, katika nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba vyumba, kila familia na chake. Sisi tulikuwa na viwili, cha mbele chenye dirisha linalotazama barabara, na cha nyuma. Baba ni fundi cherehani, mama msusi, wote watu wa Bukavu. Walinileta Johannesburg nikiwa mdogo, nina Kiswahili chetu cha Kivu na basi. Shule ikanijaza Kizulu na Kiingereza mpaka nikawa naota kwa Kizulu. Wao walijua Kizulu cha biashara, habari yako, asante, njoo kesho. Mtu akianza kuongea haraka, walitabasamu na kutikisa kichwa.

Wazazi wa watu wetu karibu wote walikuwa hivyo, Wakongomani kwa Warundi. Kwa hiyo palikuwa na desturi, na sidhani kama kuna mtu aliyeianzisha. Ilizuka kama ukungu unavyozuka ukutani. Mtoto anayejua Kizulu vizuri kuliko wenzake ndiye aliyelazwa dirishani. Kazi yake ilikuwa kusikia. Watu wakisimama barabarani wakaongea, yeye ndiye wa kujua kama wanaongea mpira, wanawake, au sisi. Kanisani wazazi walituonyesha kwa kidole kwa fahari, "Huyu ndiye masikio yetu." Na mimi, mjinga wa miaka kumi na kitu, nilijivuna. Watoto wengine walisifiwa kwa kuimba.

Kisha maduka ya Jules Street yakavunjwa. Ilianza mchana kweupe. Baba alikuwa bado na kibanda chake cha kushonea, na jirani yetu wa geti la pili, kinyozi Mrundi mwenye vicheko vingi, alimsaidia kuikimbiza cherehani nyumbani, wameibeba huku na huku kama maiti. Walipoishusha kinyozi akacheka, akasema cherehani hii imekula ugali mwingi kuliko yeye. Akaenda kwake akafunga mlango. Nasi tukafunga wetu.

Wavunjaji walifika kwetu jua likiwa bado lipo. Niliwaona kupitia upenyo wa pazia, wana marungu, matofali, mmoja ana fimbo ya gofu. Wengine niliwajua kwa sura. Walisimama mbele ya geti letu wakajadiliana kwa utulivu kabisa, kama watu wanaotafuta anwani. Baba alikuwa amechuchumaa nyuma yangu, pumzi yake shingoni mwangu.

"Banasema nini?"

"Wanasema si hapa. Kuna bibi wa kwao anapanga chumba humu. Wanasema geti linalofuata."

Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, na mkono wa baba ukanifunika pua na mdomo pamoja, mkono wenye harufu ya mafuta ya cherehani. Tukasikia "Vula! Vula!", yaani fungua, halafu vioo, halafu mlango. Wakamtoa kinyozi nje. Sikumwona, ukuta ulikuwa umemficha, ila sauti zote nilizipata.

"Banasema nini sasa?" baba aliuliza, mkono ukalegea ili nijibu.

"Wanasema makwerekwere, yaani sisi wageni, wamezidi."

"Na sasa?"

"Wanasema magoti."

Nikasikia tofali likishuka. Nikalisikia tena. Kinyozi alilia kwa Kirundi, lugha nisiyoijua, na nilielewa kila neno.

Hakufa. Leo ananyoa akiwa amekaa kwenye kiti kirefu, na bado anacheka, ingawa hacheki nami. Usiku ule baba alinishika kichwa kwa mikono miwili akaniambia, "Umetuokoa, mama." Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Sikuwa nimemwokoa mtu. Nilikuwa nimefasiri tu jinsi mtu anavyovunjwa magoti.

Wiki zikapita, barabara ikatulia, vioo vikarudishwa. Baba aliacha kibanda, akawa anashonea chumba cha nyuma. Kila kitu kilihamishwa isipokuwa kitanda changu. Hakuna aliyesema nihame, wala mimi sikusema. Miaka miwili nililala pale, kama kule kulikuwa kulala.

Ngoja niseme ilivyokuwa, maana watu wazima hudhani kijana asiyelala amekosa tu nidhamu. Jules Street hainyamazi. Walevi wanapita, teksi zinapiga honi, wapenzi wanatukanana, mbwa wanajibizana. Mtu mwingine akisikia makelele hayo anavuta blanketi. Mimi ilinibidi niyachambue, sauti baada ya sauti, hii ya mlevi, hii ya mume, hii je? Mtu akisema neno "hapa" nje ya dirisha, moyo wangu uligonga hadi nikaogopa atausikia. Chini ya mto niliweka mkasi mdogo wa baba wa kukatia nyuzi. Chini ya blanketi niliwasha simu. Walimu walisema simu ndiyo iliyoniharibu. Kuipenda niliipenda, sitaki kusema uongo, lakini tulikuwa na kikundi humo, sisi masikio, mmoja Troyeville, mmoja Rosettenville, wengine hapo hapo Malvern. Tuliandikiana neno moja tu. Kwenu? Kimya. Kwenu? Kimya. Hata lepe la usingizi sikulipata mpaka alfajiri, na alfajiri mama alikuwa anagonga sufuria kuniamsha niende shule.

Asubuhi nilipita kwenye spaza, kiduka cha mtaani, nikanunua kinywaji cha kopo cha kuchangamsha mwili, kile chenye ladha ya dawa ya kikohozi. Hicho ndicho kilikuwa chai yangu. Ikifika saa ya hesabu nilianguka kama gunia. Nilikuwa na hasira ya bure. Nilimrushia mama chanuo likampasua juu ya jicho, kwa sababu aliniuliza kama nimekula. Nililia chooni bila kujua nalilia nini. Kuna siku nilisimama kwenye roboti, ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa huku, nikatazama teksi zinavyokuja kasi na wazo likanijia kwamba pale chini kuna utulivu. Sikutaka kufa. Nilitaka kulala, na siku ile sikuiona tofauti. Mama mmoja muuza ndizi alinivuta kwa mkoba wa shule akanitukana kwa Kizulu tusi refu zuri, nikaenda zangu.

Shule ilipomwita baba kusema kwamba nalala darasani, alinipiga kwa rula yake ya mbao, ile ya kupimia vitambaa. Alinipiga miguu, mgongo, akihema, akisema, "Tumevuka mipaka mingapi ili weye usinzie shuleni?" Rula ilivunjika, akanunua nyingine. Mama alinipeleka kanisani, akina mama wa maombi wakanizunguka wakanikandamiza kichwa wakikemea roho ya usingizi. Roho ya usingizi, mimi! Nilicheka, wakazidi kukandamiza, nikamng'ata mmoja kidole mpaka akaniachia. Wakasema ndiyo hiyo roho inatoka.

Basi ndipo nikamvunja yule msichana pua.

Wazazi wake walitaka nifukuzwe, na kwa haki. Mwalimu mkuu akasema neno la mwisho litakuwa la mshauri wa shule. Akiona ninaweza kusaidika nitabaki, akiona sivyo niondoke, na shule nyingine ya kumpokea mtoto wa wageni aliyefukuzwa kwa kupiga watu isingepatikana. Baba alijua hilo. Alikuja amevaa koti lake la Jumapili, na futi ya kitambaa bado inaning'inia shingoni, kaisahau.

Mshauri alikuwa mama wa makamo, Mzulu, mwenye sauti nzito isiyo na haraka. Alitafuta mtu wa kufasiri Kiswahili, hakumpata. Nikafasiri mimi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu siku zote, kwa daktari, kwa mwenye nyumba, kwa polisi. Sasa nilikuwa nafasiri kesi yangu mwenyewe.

"Muulize baba yako, ukikosea nyumbani anafanya nini."

Nikamuuliza. Baba akajibu bila kuficha kitu. "Mwambie huyu mama, nimekupiga sana. Haisaidii."

Ningeweza kupindisha. Nilikuwa stadi wa kupindisha, nilishawahi kumfanya mwenye nyumba aonekane mpole. Lakini siku ile damu ilikuwa inanichemka, nikaitoa kama ilivyo, hata ile rula. Mshauri hakushtuka. Aliandika kidogo, akaniuliza usingizi wangu, nikamwambia sina. Akasema, "Muulize unalala wapi."

Baba aliposikia swali hilo alijinyoosha kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza tangu tuingie alitabasamu. Alifikiri hatimaye limekuja swali litakalonitetea.

"Mwambie unalala dirishani. Mwambie weye ndiye masikio ya nyumba. Tangu ile siku, hakuna mutu ameingia kwetu. Mwambie ni juu yako, ni sababu yako."

Nikafasiri. Mshauri akaweka kalamu chini. Alimtazama baba, kisha akanitazama mimi, kisha akauliza kitu ambacho sikuwa nimewahi kukifikiria. "Muulize, nani anakupokea zamu?"

Nikageuka nimwambie baba. Baba, kabla ya kupata cherehani, alikuwa mlinzi wa geti la matajiri. Zamu anaijua. Alishatusimulia mara nyingi kwamba mlinzi akiachwa bila wa kumpokea, ana haki ya kumpigia simu bosi na kutukana. Alikuwa anatukana kwa Kifaransa, alisema, ili asifukuzwe.

"Anauliza nani ananipokea zamu," nikasema.

Baba akaivuta futi shingoni. Akaikunja. Akatazama mikono yake.

Mori ukanipanda. Sijui niliinuka vipi. "Mjibu!" nilimpigia kelele. "Mwambie nani! Mwambie!" Kikombe cha mshauri kikaruka kikapasuka ukutani. Nikampiga baba. Nilimpiga kifuani, mabegani, usoni, kwa ngumi, mtoto wa kike anampiga baba yake mzazi mbele ya mtu baki, jambo ambalo kwetu hata kulisimulia ni laana. Futi ikaanguka. Meno yake yakanichubua vidole. Hakukinga uso, hakunishika, hakusema acha. Alikaa akipokea mpaka nikachoka, nikakaa chini sakafuni kati ya vipande vya kikombe, na mshauri ndiye aliyekuja kunishika.

Hakunifukuza. Alinipa siku za kukaa nyumbani, akampa baba agizo moja kupitia kinywa changu. Mtoto atoke dirishani leo. Akasema pia kuna kliniki, na kwamba atanitafutia nafasi ya kuzungumza na mtu huko, akaitafuta kweli. Lakini agizo lilikuwa lile.

Tulirudi kwa miguu. Jules Street nzima baba alitembea mbele yangu. Tulipofika alikishika kitanda changu kwa pembeni akaanza kukiburuta kwenda chumba cha nyuma, miguu ya chuma ikikwaruza sakafu.

Mama akasimama mlangoni. "Na nani atasikia? Weye Kizulu unajua?"

"Wakija," baba alisema, "sitahitaji tafsiri. Toka mlangoni."

Mama hakutoka. Alimsukuma, naye akaisukuma fremu ya kitanda hadi ikamgonga mama kiunoni, wakatukanana kama sijawahi kuwasikia. Mama alikuwa analia kwa woga mtupu, naelewa sasa, alikuwa anaona nyumba imeachwa wazi. Kitanda kikapita. Baba akatandika godoro lake chini ya dirisha, akavaa koti lake la zamani la ulinzi, akakaa.

Msidhani nililala usingizi wa pono. Kule nyuma ukimya ulinitisha kuliko kelele. Niliamka nikatambaa hadi mbele, nikamkuta amekaa macho kodo, akiisikiliza lugha asiyoielewa. Alinirudisha. Nikaja tena, akanirudisha kwa kunivuta sikio. Usiku uliofuata alifunga mlango wa kati, nikaupiga mateke. Niliwaandikia masikio wenzangu kwamba zamu yangu imekwisha. Yule wa Rosettenville akajibu, una bahati. Nikaitupa simu ukutani.

Ulikuja ukiwa haujaalikwa, usingizi wenyewe. Ilikuwa Jumamosi mchana. Baba alikuwa anamalizia suti ya harusi, ya bwana harusi mwenyewe, kijana wa kwetu anayependa mavazi kuliko chakula, na harusi ilikuwa jioni ile ile. Ilibaki mikono ya koti tu. Nilijilaza juu ya rundo la vitambaa kando ya cherehani ili nimsikilize akishona, kwa sababu mlio ule ndio niliokua nao. Yaliyofuata nimesimuliwa na mama.

Baba aligeuka kuchukua uzi akaniona nimelala, mdomo wazi, mate yananitoka. Akaondoa mguu kwenye cherehani. Mama akamwambia shona, harusi ya watu. Akatikisa kichwa. Alikaa na mikono juu ya koti lile, bila kushona, saa nzima, na nyingine.

Bwana harusi akaja na kaka zake wawili. Baba aliwawahi nje, akaufunga mlango nyuma yake taratibu, akaweka kidole mdomoni.

"Mutoto analala," akasema.

"Mutoto? Suti yangu iko wapi?"

"Nikiwasha mashini ataamka. Sijamwona analala namna hii tangu amekuwa mukubwa. Ngojeni kidogo."

Eish, ungemwambia nini bwana harusi? Alidhani anachezewa. Alimpiga baba kofi, kisha ngumi, na kaka zake wakaingia, kwa Kiswahili chetu wenyewe safari hii, kila tusi baba akilielewa vizuri sana. Walimwangusha uani. Wakampiga mateke mbavuni. Mama alitoka na pasi mkononi, anataka kupiga mayowe aite mtaa, na baba, akiwa chini, akamkazia macho na kuweka tena kile kidole mdomoni. Mama akampiga bwana harusi kwa pasi begani, kimya kimya. Nao wale, nadhani kwa kuona kwamba mtu anayepigwa halii na mkewe anapigana bila kelele, waliingiwa na hofu. Walichukua suti isiyo na mikono wakaondoka.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshahama ukuta. Sikujua niko wapi, na kwa mara ya kwanza hilo halikunitisha. Baba alikuwa kwenye kiti chake, mikono juu ya cherehani iliyonyamaza, jicho moja limefumba, mdomo umepasuka, shati lina vumbi la uani na damu. Mimi, masikio ya nyumba, nilikuwa hatua chache tu kutoka pale walipompigia.

Nikakurupuka. "Nani amekupiga?"

Hakujibu hilo. Aliinama kuelekea kwangu, kwa shida, mkono umeshika mbavu.

"Umesikia kitu?"

"Hapana. Sikusikia kitu."

Akatabasamu, mdomo ukapasuka upya na damu ikaanza kumtoka tena, wala hakuifuta.

"Basi rudi ulale, mama," akasema.